Baze, Arafa na Mzazi: Historia Fupi ya Maandishi ya Vijana wa Nairobi

Malalamiko ya mzazi wa Nairobi kwamba haelewi anachokiandika mwanawe katika simu huchukuliwa aghalabu kuwa malalamiko mapya, yaliyozaliwa na intaneti. Makala haya yanashikilia kwamba si mapya, na kwamba upya uliopo uko mahali pengine. Wazazi wa mji huu wameshindwa kuielewa lugha ya watoto wao kwa vizazi kadhaa. Kilichobadilika mwanzoni mwa karne ya 21 ni kwamba lugha ambayo mzazi alikuwa akiisikia kwa mbali, ikipita dirishani na kutokomea, ilianza kuandikwa. Mzazi akaishika mkononi, herufi kwa herufi, na bado isisomeke. Tangu hapo pamekuwa na juhudi nyingi za kumsaidia, nyingi zikiwa orodha za maneno na maana zake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba orodha hizo zinamkosesha mzazi kwa sababu zinadhani kilichofichwa ni maana, ilhali historia ya maandishi yenyewe inaonyesha vingine.

Mtaa kabla ya simu

Chimbuko la Sheng limejadiliwa sana na halihitaji kurudiwa kwa urefu. Alamin Mazrui, katika makala yake ya mwaka 1995, aliirudisha mizizi yake nyuma hadi miaka ya 1930, kwenye msimbo wa wahalifu wa Nairobi. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde (1997) waliitazama zaidi kama zao la watoto wa mitaa ya mashariki ya jiji kuanzia miaka ya 1970. Maoni haya mawili hushindanishwa kana kwamba moja lazima liue jingine. Hata hivyo, yote mawili yanatupeleka katika sehemu ile ile ya mji, na kwa mada hii mahali pana uzito kuliko tarehe. Pumwani, mtaa wa Waafrika uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kaloleni ya miaka ya 1940, Shauri Moyo, Bahati na Jericho ni mitaa iliyojengewa vibarua na makarani wa ngazi ya chini. Familia nyingi ziliishi katika chumba kimoja au viwili, na pazia ndilo lililokuwa ukuta. Mtoto hakuwa na mlango wa kufunga. Alikuwa na lugha.

Ndiyo maana Sheng ilikomaa nje ya nyumba, penye kikao cha vijana kinachoitwa baze, iwe ni chini ya mti, kwenye ukuta wa duka au kando ya kituo cha basi. Peter Githinji (2006) ameonyesha jinsi kila baze ilivyokuwa na maneno yake, kiasi kwamba neno moja liliweza kumfichua mgeni aliyetoka mtaa wa pili. Jambo hili husahauliwa na wale wanaoamini kwamba Sheng ilibuniwa dhidi ya wazazi. Mzazi alikuwa mmoja tu miongoni mwa waliofungiwa nje, na yamkini hakuwa wa kwanza. Kijana wa Jericho aliyemshangaza kijana wa Dandora hakuwa na habari na mama yake wakati huo.

Mbinu zilizotumika ni chache na zimedumu. Neno hukatwa: 'mother' la Kiingereza likawa mathe, 'father' likawa fathe, Umoja ukawa Umo. Neno hukatwa na kutiwa mkia: chapati ikawa chapo. Neno hugeuzwa, silabi ya mwisho ikaja mbele: stori ikawa risto. Mbinu hii ya mwisho inastahili kutajwa katika jarida la fasihi kwa sababu si ya Nairobi wala si ya karne ya 20. Ni Kinyume, mchezo wa maneno wa pwani ambao Edward Steere aliutolea mifano katika Swahili Tales (1870). Mwanafunzi anayeambiwa na mwalimu wake kwamba risto ni uharibifu wa Kiswahili ana haki ya kujibu kwamba ni Kiswahili cha Unguja kilichopanda gari la moshi.

Kisha yapo maneno yanayozeeka pamoja na wenyewe. Mzazi aliyekuwa kijana katika kampeni za uchaguzi wa 1992 hahitaji kuelezwa kwamba jirongo ni noti ya shilingi 500, iliyopewa jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa kundi la YK'92 lililosifika kwa kumwaga fedha. Mtoto wake anahitaji. Buda, neno linalonasibishwa na neno la Kihindi lenye maana ya mzee, lilimhusu baba. Leo kijana humwita buda kijana mwenzake wa miaka 17. Mzazi anayeliona katika simu ya mwanawe na kudhani kwamba yeye ndiye anayesengenywa amekosea, lakini kosa lake ni la mtu anayeijua Sheng, wala si la asiyeijua. Anaijua ya mwaka mwingine.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, muziki wa kufoka ulikuwa umeitoa lugha hii barazani na kuipeleka redioni. Kundi la Kalamashaka kutoka Dandora liliuita wimbo wake maarufu 'Tafsiri Hii'. Anwani hiyo ni amri, na aliyeamriwa ni yule asiyeweza kutekeleza. Lakini wimbo husikika tu. Mzazi angeweza kuzima redio na kusema ni kelele.

Sheng yapata herufi

Arafa ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi Neil Papworth alipompelekea mwenzake salamu za Krismasi kutoka kwenye kompyuta. Kenya iliingia katika biashara ya simu za mkononi kwa watu wa kawaida mwaka 2000, Safaricom na KenCell zilipoanza kushindania wateja. Ujumbe mmoja ulibeba herufi 160 na si zaidi, na kila ujumbe ulilipiwa. Rununu nyingi za kwanza katika nyumba za Nairobi zilikuwa za wazazi. Kijana aliazima. Rafiki yake alipomwandikia, ujumbe uliingia katika simu ya baba, na baba ndiye aliyeufungua.

Hapo ndipo historia ya maandishi haya inapoanzia, na inafaa kutua kidogo juu ya umbo lake, kwa kuwa wengi wamelieleza kwa neno moja, ufupisho, na kupita. Ufupisho upo. Lakini tazama unavyofanya kazi. Kijana anayeandika 'm2' kwa maana ya mtu, 'wa2' kwa maana ya watu na '2naenda' kwa maana ya tunaenda anaitamka tarakimu kwa Kiingereza na kuitumia sauti yake kwa Kiswahili. Anayeandika 'cjui' na 'ctaki' analichukua jina la herufi hiyo katika alfabeti ya Kiingereza na kulipachika mahali pa kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya kwanza. 'Vp' si vipi iliyonyang'anywa irabu, kama inavyodhaniwa. Ukizitaja herufi hizo mbili kwa majina yake ya Kiingereza umekwisha kusema vi-pi. Kuchanganya ndimi, ambako wanaisimu walikuwa wamekupata katika msamiati wa Sheng, kulikuwa kumeshuka hadi katika alfabeti. Ili kuisoma 'cjui' ni lazima msomaji ajue majina ya herufi za lugha moja na mofolojia ya nyingine kwa wakati mmoja. Huo si uvivu wa akili.

Mfano ulio bora zaidi ni 'ma3'. Gari la abiria liliitwa matatu kutokana na nauli ya awali, sarafu tatu za senti kumi kumi. Vijana wakaitafsiri tatu iliyomo na kupata mathree. Wenye simu wakairudishia tarakimu: ma3. Nauli ambayo hakuna kijana aliye hai anayeikumbuka imerejea katika maandishi, na anayeiandika hajui kwamba anaandika bei. Mzazi aliyepanda magari hayo akiwa mtoto yuko karibu na asili ya neno hilo kuliko mwanawe, lakini yeye ndiye anayekwama.

Wapo watakaosema kwamba gharama inaeleza yote. Haielezi 'xaxa'. Kwa miaka kadhaa vijana wa Kenya, na wa Tanzania pia, waliandika 'xaxa' badala ya sasa, na hesabu ya herufi ni ile ile, nne kwa nne. Upo uwezekano kwamba vidole vilihusika: katika simu za vibonye, herufi s ilihitaji kubonyezwa mara nne katika kibonye cha 7, ilhali x ilipatikana kwa mara mbili katika kibonye cha 9. Sasa ilichukua mibonyezo kumi. 'Xaxa' ilichukua sita. Ikiwa hiyo ndiyo sababu, iliisha simu zenye kibodi kamili zilipofika, na 'xaxa' haikuisha nayo. Ilidumu kama pambo na alama ya rika, mpaka vijana wakubwa walipoanza kuicheka kuwa ni ya watoto. Walioiua walikuwa vijana wenyewe. Walimu na wazazi walikuwa wameipigia kelele kwa muda mrefu bila mafanikio.

Msomi wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kuyaona haya kuwa ya ajabu mno. Hati za kale za pwani, tangu zama za Utendi wa Tambuka (1728), ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo hazikutofautisha i na e wala u na o, hazikuwa na alama zao wenyewe za baadhi ya konsonanti za Kiswahili, na mara nyingi ziliiacha nazali iliyotangulia konsonanti nyingine. Msomaji alitakiwa alete kichwani mwake kile ambacho karatasi haikukibeba. Aliyeujua utendi aliusoma. Asiyeujua aliutamka kwa kubahatisha. Upo, bila shaka, mpaka wa mlinganisho huu: mwandishi wa Pate hakukusudia kumtenga mtu, alitumia zana aliyokuwa nayo. Lakini hali ya msomaji ni moja. Katika hati na katika arafa, maandishi humtambua mwenyeji kabla mwenyeji hajayatambua maandishi.

Simu ilipokuwa ya kijana mwenyewe, ikiwa na nywila, lile pazia la Kaloleni likawa mlango wenye kufuli. Kama shabaha ya misimu ingekuwa kumficha mzazi jambo, basi haja yake ingekwisha siku hiyo. Haikwisha. Iliongezeka, hasa katika makundi ya WhatsApp ambamo mzazi hayumo kabisa. Hiki ndicho kithibitisho kikubwa cha hoja ya makala haya: vijana waliendelea kuandika kwa fumbo hata pasipokuwa na wa kufichwa, kwa kuwa fumbo lilikuwa likifanya kazi nyingine, ile ile ya baze, ya kutambuana.

Orodha za maneno na walioziandika

Mwaka 2003 Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga walichapisha kamusi ya Sheng na Kiingereza jijini Dar es Salaam. Ni kazi ya thamani, na mtafiti wa misimu ya miaka hiyo hawezi kuiepuka. Anwani yake ndogo, hata hivyo, inaahidi kufumbua lugha ya ulimwengu wa siri wa wahalifu, na humo mna dhana mbili ambazo zimewaathiri wazazi kuliko kamusi yenyewe: kwamba kuna siri, na kwamba siri hiyo ina harufu ya uhalifu. Orodha zilizofuata magazetini na katika mikutano ya shule zilirithi dhana hizo. Maneno ya bangi na ya pombe hutangulizwa, ya mapenzi hufuata, na mzazi huondoka na karatasi ya maneno 20 au 30 kama mtu aliyepewa picha za wahalifu wanaosakwa.

Hofu yake si ya bure. Watoto hulaghaiwa na watu wazima katika simu hizo hizo, na dawa za kulevya huuzwa kwa majina ya kupanga. Tatizo ni kwamba orodha haimsaidii hata katika hilo. Neno likishachapishwa limekwisha kufika kwa asiyetakiwa, na baze hulibadilisha. Fauka ya hayo, maneno yanayomhangaisha mzazi mara nyingi si mageni hata kidogo. Nimewaka, amesota, nimekulwa fare: hakuna kitenzi humo asichokijua. Kuwaka ni kulewa, kusota ni kuishiwa fedha. Kula fare ni kupokea nauli uliyotumiwa na mtu anayekungoja, kisha usiende. Usemi huu wa mwisho hauelezeki kwa kamusi. Unaelezeka kwa M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, ambayo iliwezesha nauli kusafiri bila msafiri.

Shule nayo ilikuwa na orodha yake, ya makosa. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, insha ya Kiswahili imekuwa uwanja wa mapambano, na Baraza la Mitihani limeilaumu Sheng zaidi ya mara moja kwa matokeo duni. Lawama hiyo ina ukweli kiasi: mtahiniwa anayeandika 'wa2' katika insha hajatambua mahali alipo, na kutambua mahali ni sehemu ya kuijua lugha. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba hajui Kiswahili ni mruko mkubwa.

Tukio la Aprili 2022 linaonyesha mruko huo kwa kiwango cha taifa. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ikijiandaa kwa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, ilitangaza orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki, na miongoni mwake lilikuwamo 'hatupangwingwi'. Neno hilo lilikuwa limetoka katika 'Sipangwingwi', wimbo wa mwaka 2021 wa Exray akiwa na Trio Mio na Ssaru, na muungano wa Kenya Kwanza ulikuwa umelifanya kauli ya kampeni. Ulifanuzi wa neno lenyewe unafundisha kuliko orodha. Si- ni ukanushi wa nafsi ya kwanza umoja. -Pang- ni mzizi. -W- ni kauli ya kutendwa. -I ni kiishio cha wakati uliopo katika ukanushi. Hadi hapo ni sarufi sanifu isiyo na doa: sipangwi. Kilichobaki, -ngwi, ni mwangwi wa kuchezea sauti. Na maana? Kumpanga mtu, katika Sheng, ni kumlaghai au kumwamulia mambo yake, kwa hiyo asemaye anakataa kufanywa mjinga. Waimbaji waliisema kauli hiyo kwenye sherehe. Wanasiasa waliwarushia wapinzani wao. Tume ikaisikia kama tishio. Umbo halikubadilika ila kwa nafsi. Aliyebadilika ni msemaji, na pamoja naye aliyesemeshwa. Orodha ya tume haikuwa na safu ya kuyaonyesha hayo mawili, kama zisivyokuwa nayo orodha za wazazi.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapokuwa na la kumpa mzazi. Amezoea kuuliza ni nani anayesema katika shairi, anamwambia nani, na neno hili limetumika wapi kabla ya hapa. Hamwendei Muyaka bin Haji na kamusi pekee. Anatafuta ugomvi uliolizaa shairi. Mzazi anayeuliza maswali hayo juu ya ujumbe wa mwanawe, kwa kumuuliza mwana mwenyewe pale uhusiano unaporuhusu, atajifunza zaidi kuliko anayenakili maneno kisirisiri usiku. Wazazi wengi wa leo, isitoshe, wana mtaji wasioutumia. Walikatakata maneno katika miaka ya 1980 na 1990 kwa mbinu zile zile. Msamiati wao umechakaa; mbinu hazijachakaa.

Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, ambayo vijana waliyaandaa kwa kiasi kikubwa kupitia TikTok na X, wazazi waligundua kwamba maneno ya simuni yalikuwa yamekuwa maneno ya barabarani. Rais William Ruto alikuwa Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka. Mzazi yeyote aendaye kanisani alimjua Zakayo tangu utotoni. Mwaka 2025 ukaleta 'wantam', Kiingereza cha muhula mmoja kilichovishwa tahajia inayofuata matamshi ya Kiswahili, likatamkwa na wabunge wenye mvi. Kabla yake, mwishoni mwa 2024, vijana walikuwa wamempa Rais jina la Kasongo, walilolitoa katika wimbo wa Orchestra Super Mazembe wa mwaka 1977. Mzazi aliyeucheza wimbo huo ukumbini akiwa kijana, anapouona katika simu ya mjukuu wake, jina analijua na mlio wa gitaa anaujua. Kinachompita ni kicheko. Mjukuu naye, mara nyingi, hajui kwamba bendi hiyo ilikuwa ya wanamuziki kutoka Zaire waliofanya maskani yao Kenya, na kwa hilo yeye ndiye anayehitaji kutafsiriwa.